Vile nilimuosha Kevin kama kitambaa cha kanisa nikakaribia kukosa mjukuu

Wakuu wa hili jukwaa, na akina mama wenzangu mnaosoma kila siku bila kusema kitu, nawasalimia. Mimi ni wa Thika, ingawa saa hii nimekaa Ruiru na mguu nimeinua juu ya stuli.

Mimi ni cucu, yaani nyanya. Shule niliachia darasa la nne, kwa hivyo mkiona herufi imelala mahali ilifaa kusimama, iinueni mwendelee na safari.

Nitakayosema hapa ni ya kweli yote. Kama nimeongeza hata tone, kitambaa changu kipya cha kanisa kiote madoa kama kile cha zamani. Mbele mtaelewa kwa nini hicho si kiapo kidogo.

Ngoja nianze na hicho kitambaa, kwa sababu shida ilianzia hapo.

Sisi akina mama wa kanisa letu huvaa kitambaa cheupe kichwani. Sasa, kuna weupe na kuna weupe. Wengine wanavaa weupe wa maziwa yaliyolala. Changu ukikiangalia kwa jua unafunga jicho moja.

Siri ni bluu. Ile ya unga, ya nguo. Maji ya mwisho ya kusuuza unatia kidogo tu, kitambaa kinaingia na kutoka, unakamua, unaanika. Watoto wangu walienda shule na mashati ambayo walimu walikuwa wanauliza, huyu mama yake ni nani.

Nikisafiri, bluu yangu husafiri na mimi kwa mkoba, imefungwa kwa nailoni na fundo. Wenzangu hubeba dawa ya presha.

Sasa twende Ruiru.

Kijana wangu wa kwanza, Kamau, anaishi Gatongora na bibi yake, Nekesa. Nekesa ni wa Bungoma, msichana mrefu, mpole, anafanya kazi ya ofisi. Mimi lugha ya kwao sijui, na yeye Kikuyu anajua ya kuomba chumvi tu, kwa hivyo tunaongea Kiswahili.

Mungu akawapa mtoto msichana. Kwetu msichana wa kwanza anaitwa jina la mama ya baba. Mimi ni Wanjiru, kwa hivyo na yeye ni Wanjiru.

Wale si wa kwetu mnaweza kufikiria ni majina tu yamefanana. Hapana. Huyo mtoto ni mimi. Nimezaliwa tena, Ruiru, na mara hii nimepata nyumba yenye choo ndani.

Livu ya uzazi ya Nekesa ikaanza kuisha. Nikasikia kwa simu wanatafuta mtu wa kukaa na mtoto. Kuku nikaachia jirani, nikakata mkungu wa ndizi, nikaja.

Tukiwa mezani nikawaambia, "Msitafute mtu. Mtu ndiye huyu amekaa hapa."

Kamau akaangalia bibi yake. Nekesa akasema, "Asante sana mum. Tutaona."

Wakuu, "tutaona" naijua. Nimelea watoto nayo. Tutaona ni hapana iliyooga ikajipaka mafuta.

Nikamaliza chai yangu. Lakini usingizi wa siku hiyo haukuwa mtamu.

Jumamosi asubuhi wakaniambia wanapeleka mtoto kliniki kwa chanjo, halafu wapitie Mwihoko kuona mama mmoja anayekaa na watoto wa watu mchana. Daycare. "Kuona tu, maitu," Kamau akasema, vile kwetu tunaita mama, akiangalia viatu vyake.

Nikauliza, "Na mimi nibaki nikifanya nini?"

Nekesa akasema, "Pumzika mum. Utaniangalilia tu Kevin."

Kevin ni mbwa.

Najua. Hata mimi nilishtuka mara ya kwanza. Kanisani kwetu Kevin ndiye anapiga kinanda. Lakini huyu ni kambwa kadogo keupe, manyoya kama pamba, mkia umekunjwa juu ya mgongo, wanasema ni wa Kijapani. Analala ndani ya nyumba. Ana kitanda. Ana brashi na shampuu yake, na kuna mtu wa kazi anakuja kumuosha na mashini ya kukausha nywele kama ya saluni.

Mbwa wangu wa Thika anaitwa Simba. Huoshwa na mvua. Mvua ikikosa kunyesha tunamsamehe.

Sasa mimi si mjinga. Hapo nikaelewa. Nimeachiwa mbwa ndio waone kama naweza kuachiwa mtoto. Hakuna aliyesema hivyo, lakini ukiwa mama mkwe hausubiri kuambiwa.

Nikajiambia: Wanjiru, huyu mbwa wamkute vile walimwacha. Ukishindwa, utapelekwa Mwihoko ukalelewe na mtu hakujui. Kwa sababu kama huyo mtoto ni mimi, nani atanilea mimi kama si mimi?

Gari yao ikaenda. Mimi na Kevin tukaangaliana.

Mambo yalikuwa mazuri mpaka mama wa mboga akapita nje akiita. Nikafungua geti kidogo tu, upana wa mkono na fungu la sukuma wiki. Kevin akapita hapo kama hewa.

Ng'ambo ya barabara kuna ploti wanachimba msingi. Mvua ilikuwa imenyesha usiku wake, na nyinyi mnajua udongo wa huku, ule mwekundu unaokula viatu. Kevin akaingia kwa huo mtaro akalala chali. Akajigeuza. Akajigeuza tena. Nikimwita ananiangalia kama mtu anaitwa na mtu hamjui.

Karibu na hapo kulikuwa na fundi wa rangi anapaka geti la jirani. Akasimama na brashi hewani.

"Cucu, huyo si Kevin?"

"Wewe paka geti."

Kevin alirudi mwenyewe akishiba, na furaha yote. Aliondoka mweupe, akarudi rangi ya matofali. Hata masikio ndani.

Hapo wakuu nilifanya kile ninachojua. Nikakunja mikono ya sweta.

Bafuni kulikuwa na kabeseni ka pinki ka kuogesha mtoto. Hako sikugusa, nina akili. Nikachukua beseni kubwa la nguo nikaliweka nyuma ya nyumba karibu na kamba.

Ile shampuu yake niliiangalia. Chupa ina picha ya mbwa anacheka, maandishi ya Kizungu madogo kama chawa, na ndani kuna kitu chepesi kinanuka peremende. Sikuiamini. Uchafu wa udongo mwekundu unatolewa na sabuni ya kipande, ile ngumu. Hiyo nimetumia maisha yangu yote na bado niko na ngozi.

Brashi nayo niliiona. Nikasema kwanza aoge, tutachana baadaye. Kumbukeni hapo, nitarudi.

Kevin alipoona beseni alijua. Akaingia chini ya sofa. Nikamtoa na kipande cha ini. Nikambeba. Kufika juu ya maji, miguu yote ikakauka ikasimama huku na huku, ikawa sasa nasukuma meza iingie kwa sufuria. Nikikunja huu, ule unatoka. Fundi alikuwa amepanda ngazi yake, na nilijua hakuna kitu anapaka huko juu.

"Cucu, anza na matako," akaniambia juu ya ukuta.

Nilianza na matako. Lazima niseme ukweli, ilifanya kazi.

Nikamwaga maji. Na hapo Kevin akaisha.

Sijui kama mmewahi kuona mbwa wa manyoya mengi akilowa. Nilikuwa na mbwa mnene, sasa nina kitu kama panya aliyefiwa, macho tu na shingo. Nilishtuka nikadhani nimemuosha mpaka akamalizika. Nikamshika mbavu kuhakikisha.

Nikasugua. Maji yakawa mekundu, nikamwaga. Nikasugua tena. Nikamtoa kwa jua nikamfuta na leso yangu mwenyewe.

Akakauka. Nikasimama kumwangalia.

Hakuwa mweupe. Alikuwa rangi ya chai ya hoteli, ile maziwa wamepitisha tu karibu. Na manyoya yamejifunga mafundo mafundo kama uzi wa kufuma uliochezewa na paka. Nikajaribu brashi, brashi ikakwama hapo mgongoni, ikabaki imesimama peke yake.

Simu ikalia. Kamau.

"Maitu, tumetoka kliniki, tunaingia Mwihoko. Kevin yuko sawa?"

"Yuko sawa."

"Anafanya nini?"

Nikamwangalia na brashi yake mgongoni. "Amekaa."

Nikakata simu. Nikawaza: mbwa wa chai wataona tu. Nani ananitoa hapa?

Macho yangu yakaenda kwa kamba. Kitambaa changu cha kanisa kilikuwa hapo, nimekifua asubuhi, kinapepea kama malaika mdogo. Kesho ni Jumapili.

Ee. Mnaona vile mnaniangalia sasa. Lakini wakati huo lilikuwa wazo zuri. Shati likiwa manjano unatia bluu linakuwa jeupe. Kevin ni mweupe aliyegeuka manjano. Niambieni kosa liko wapi.

Nitawaambia mimi. Ya kwanza, kwa kitambaa natia ncha ya kijiko. Nikafikiria, Kevin ana manyoya ya vitambaa vingapi? Nikatia ya Kevin.

Ya pili, kitambaa hakina maoni. Kinaingia, kinatoka. Kevin nilimwekea maji ya vuguvugu kwa sababu alikuwa anatetemeka, nikamwingiza kuanzia matako kama nilivyofundishwa, na huyo mbwa aliyenipiga vita asubuhi yote akakaa. Akafunga macho. Akaegemeza kidevu kwa ukingo wa beseni kama mzee ametoka shamba.

Nikasema, hata yeye ni kiumbe, acha apumzike. Nikaingia ndani kutafuta taulo. Taulo za huyo Nekesa zote ni nzuri, nikachagua chagua nione ile mbaya, sikuipata.

Kurudi.

Wakuu, kichwa kilikuwa kile kile, kwa sababu hakikuingia kwa maji. Lakini kutoka shingo kwenda chini Kevin alikuwa amevaa sweta ya shule.

Si rangi ya kukisia. Bluu. Bluu ya Form One siku ya kwanza, kabla mama hajaifua.

Nilikaa chini kwa saruji.

Yeye akatoka kwa beseni mwenyewe, akaja mbele yangu, akajitikisa. Ukuta ukapata. Nepi za mtoto kwa kamba zikapata. Na kitambaa changu cha kanisa, chenye hakijawahi kujua doa, kikapata madoa kuanzia pindo mpaka pindo kama ndege kanga.

Nilichukua ile shampuu sasa nikaiamini. Nikamwosha nayo mpaka chupa ikalia. Akatoka Form One akaingia Form Three, sweta imefuliwa fuliwa. Lakini bado ni sweta.

Fundi alikuwa ameshuka ngazi. Uso wake haukuwa wa mzaha tena. Alikuja kwa geti letu akaniita, nikaenda, akanong'ona.

"Cucu. Sikia. Sema ni mimi."

"Wewe nini?"

"Sema alitoroka akaenda kujisugua kwa geti yangu. Si unaona?"

Nikaangalia. Wakuu, geti alilokuwa anapaka lilikuwa bluu. Haki ya Mungu. Bluu karibu sawa na ya Kevin.

"Mimi fundi nimezoea kulaumiwa," akasema. "Haiumi."

Ulikuwa uongo mzuri sana. Una geti, una rangi, una shahidi. Nikausema mara moja moyoni nikaona unaingia vizuri. Na hapo hapo nikasikia gari yao ikipiga honi.

Nekesa alitoka na mtoto begani. Kevin akamkimbilia akitingisha mkia wa bluu.

Nekesa akasimama. Kamau akasimama nyuma yake, mkono bado kwa mlango wa gari. Fundi akapaka mahali alikuwa amepaka tayari.

"Mum," Nekesa akasema. "Kevin amefanya nini?"

Mdomo ulikuwa umefunguka, geti liko kwa ulimi. Lakini yule mtoto akageuza shingo yake begani akaniangalia. Macho mawili meusi, hayapepesi. Na huyo mtoto ni mimi. Na mimi sipendi kabisa kudanganywa.

Nikasema, "Kevin hajafanya kitu. Ni mimi. Nilifungua geti akatoka, akachafuka, nikamuosha na sabuni ya kipande, akakuwa manjano, nikamtia bluu ya nguo."

Brashi ya fundi ikasimama.

"Kwa nini bluu, mum?"

"Nilitaka mrudi mkute yeye ni mweupe."

"Kwa nini?"

"Ndio mniachie mtoto."

Kamau akapata kitu muhimu sana cha kutafuta kwa buti ya gari.

Nekesa alinishika mkono tukakaa kwa ngazi ya mlango, yeye na nguo yake nzuri hivyo. Akaangalia huyo mbwa. Halafu akaanza kuongea pole pole vile anaongea.

Akaniambia kule Mwihoko nyumba ilikuwa safi, vitanda vimepangwa. Lakini kulikuwa na kasichana kamoja kana alama shavuni, kamevimba. Akauliza yule mama, huyu aliumia wapi? Yule mama akasema, huyo alikuja hivyo kutoka kwao. Na kale kasichana nyuma yake kanatikisa kichwa, hapana, hapana.

"Mum, mimi sikuwa naogopa ukosee," Nekesa akasema. "Mtoto ataanguka hata kwa mkono wangu. Nilikuwa naogopa akianguka hutaniambia. Kwa sababu tangu nikujue, hujawahi kukosea kitu. Hata ile ugali iliungua Krismasi ulisema ni sufuria."

Hapo aliniuma, wakuu. Nilitaka kumwambia ile sufuria kweli ilikuwa nyembamba. Nikameza.

Halafu akaangalia Kevin tena, na bega likaanza kutetemeka. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka mtoto akashtuka akaanza kulia, na Kevin akaanza kubweka, na fundi kule kwa geti akaachilia kicheko alichokuwa ameshikilia tangu asubuhi.

Tulimpeleka Kevin kwa daktari wa mifugo pale Ruiru mjini, kwa sababu alikuwa anajilamba na Nekesa aliogopa tumbo. Mimi ndiye nilimbeba, nimemfunga leso. Daktari akamwangalia, akaniangalia, akauliza nani anaumwa.

Akasema atapona, tumwoshe na shampuu yake pole pole siku zinavyoenda, na tumzuie kujilamba. Akanigombeza kidogo, nikakubali kidogo. Hii ndiyo nimetoka nayo, na wale mna mbwa wa nyumba msikie.

Mchane manyoya kabla ya maji, si baada. Fundo likilowa linakuwa kamba. Sabuni ya kipande ni ya nguo na ya sisi wa zamani, ngozi ya mbwa ni nyepesi kuliko inavyoonekana, inakauka inamwasha. Maji yawe vuguvugu, masikio mkinge na pamba, uso mpanguse na kitambaa tu. Kisha mkaushe mpaka ndani kabisa, kwa sababu manyoya kama hayo yakibaki na unyevu yananuka na kuleta vidonda. Na mwanzie matako. Hiyo daktari hakusema, ni ya fundi, lakini naisimamia.

Tukirudi nyumbani jioni hiyo, Nekesa akaniambia, "Mum, utaanza Jumatatu."

Nikatulia tu kama mtu alijua. Ndani nilikuwa naruka.

"Lakini," akasema, "kumuogesha mtoto nitamuogesha mimi, asubuhi kabla ya kazi."

Wakuu, nimeogesha watoto kwa mto, kwa debe, kwa maji ya mvua. Hakuna hata mmoja alibadilika rangi. Nilikuwa na maneno mengi. Nikasema, "Sawa."

Na ikawa hivyo. Kevin alitembea mtaani akiwa Form Three, watoto wakimuuliza amefunga shule lini. Nikamzoea, akanizoea. Sasa ni kama Form Four amemaliza, bluu imebaki mkiani tu. Picha sitaweka, msiniulize, ana heshima yake.

Juzi Nekesa alikwama kazini. Akanipigia simu jua likishuka.

"Mum, mtoto hakuoga asubuhi. Muogeshe tu."

Nikasimama wima, na nilikuwa nimekaa peke yangu.

"Sawa."

"Mum. Ile bluu iko wapi?"

"Iko Thika."

Nikakumbuka vile tulikaa kwa ngazi.

"Hapana," nikasema. "Iko kwa mkoba. Mkoba uko juu ya kabati."

Nikamsikia akicheka pole pole. "Basi muogeshe, mum."

Nikachukua kale kabeseni ka pinki. Nikapima maji na kiwiko, nikamweka Wanjiru mdogo ndani. Nikajiogesha mwenyewe, polepole, shingo, kwapa, katikati ya vidole, nikajikausha mpaka nyuma ya masikio. Kevin alikaa mlangoni akiangalia yote. Kuingia hakuingia.

Hiyo ndiyo yangu. Sasa na nyinyi semeni hapa chini, wenye mbwa weupe mnatumia nini, na kama kuna mama mkwe mwingine amewahi kupewa mtihani kama huu asione haya, tuko wawili.

Na kama kuna mtu yeyote anajua jinsi ya kutoa bluu kwa kitambaa cheupe, aniandikie haraka. Kina mama wa kanisa wameniuliza kile cha zamani kilienda wapi, na mimi siku hizi nimeacha kudanganya.